Nenda Savoy, ila isiwe kwa hela ya mama

Wiki iliyopita dada mmoja anayefanya kazi za ndani hapa London alinitumia ujumbe wa sauti. Huu ni mwaka wake wa tisa kwenye nyumba za watu. Bosi wake kila siku ya kuzaliwa hupelekwa kunywa chai hoteli ya Savoy, na yeye ndiye anayempigia pasi gauni la kwenda nalo. "Kaka, mwakani natimiza arobaini. Nikienda na mimi nitakuwa mjinga?"

Najua wengi wenu mtajibu nini. Hela hiyo ni saruji, ni ada, ni dawa za mzee. Mimi nimemwambia aende. Ila kwa masharti ya kihasibu.

Kwanza ajue ananunua nini. Savoy ilifunguliwa mwaka 1889 na Richard D'Oyly Carte, mwenye ukumbi wa maonyesho pale pale jirani, na tangu mwanzo ilikuwa na taa za umeme na lifti. Meneja alikuwa César Ritz, na jikoni alikuwa Auguste Escoffier, yule aliyebuni pichi na aiskrimu kwa heshima ya mwimbaji Nellie Melba. Sisi wahasibu tunawakumbuka kwa jingine. Mwaka 1898 wote wawili walifukuzwa baada ya vitabu kukaguliwa, na Escoffier baadaye akakiri kwa maandishi kwamba alikuwa akipokea kamisheni kutoka kwa waliokuwa wakiuzia jiko bidhaa. Na nyie wa ujenzi mtaipenda hii: hoteli ilifungwa Desemba 2007 kwa ukarabati uliokadiriwa pauni milioni 100. Ilipofunguliwa tena Oktoba 2010, gharama ilikuwa imefika kama milioni 220. Kwa hiyo nyumba yako ya kijijini ikizidi bajeti, usijione wewe tu.

Ukikaa pale, basi, hulipii majani ya chai. Unalipia zulia, piano, jina, na hizo milioni 220. Hakuna aliyekuibia, mradi umejua kabla hujaketi.

Mimi sikujua. Miaka michache nyuma nilifaulu mtihani wangu wa mwisho wa uhasibu, nikawachukua wenzangu wawili kwenda kula hoteli moja kongwe ya katikati ya jiji, jina naliacha. Nilijipangia pauni 120. Mhudumu akauliza, maji ya kawaida au ya gesi? Hakusema ni ya chupa wala bei yake, na mimi kwa aibu sikuuliza. Chupa zikawa nne. Mwenzangu mmoja akahamia baa, akaagiza vinywaji viwili kwa akaunti ya meza. Bili ikaja 192, juu yake tozo ya huduma asilimia 12.5, jumla 216. Halafu, mhasibu mzima, nikaacha noti ya pauni 20 mezani, nisijue kwamba bakshishi nimeshailipa ndani ya bili! Ada ya mdogo wangu ilichelewa wiki mbili. Mama nikamwambia benki ina matatizo. Hadi leo anaamini ile benki ni mbovu.

Ndiyo maana nimemwambia dada achague chai ya mchana, si baa. Savoy ina baa maarufu, American Bar, ambayo Ada Coleman alianza kuisimamia mwaka 1903, na kitabu cha vinywaji vyake alichokiandika Harry Craddock mwaka 1930 kinatumika mpaka sasa. Sawa, historia nzuri. Lakini baa haina mwisho. Kokteli moja ni zaidi ya pauni 20, hata zisizo na kilevi si za bure, na kila glasi inaita nyingine. Chai ina bei moja ya mtu mmoja, unaiona kwenye tovuti kabla hujatoka nyumbani.

Tuseme chai ni pauni 80. VAT ya asilimia 20 imeshaingia humo, bei za menyu Uingereza ndivyo zilivyo. Tozo ya huduma haimo. Weka asilimia 15, inakuwa 92. Kwa kima cha chini cha mwaka 2025, pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili, hizo zilikuwa saa saba na nusu za kazi kabla ya kodi. Siku moja ya kupiga deki. Akiweka pauni 8 kila mwezi kwa mwaka mzima anazo 96, na hela ya mama haijaguswa hata senti.

Tozo hiyo kwa kawaida ni ya hiari, unaweza kuomba iondolewe. Mimi siiondoi nikihudumiwa vizuri. Tangu Oktoba 1, 2024 sheria inamtaka mwajiri aigawe yote kwa wafanyakazi, na wanaoosha vyombo kule nyuma ni watu kama sisi. Ila ukishailipa, usiache noti tena. Walioko Marekani mambo ni tofauti: kodi ya mauzo huongezwa baadaye, na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 inatarajiwa. Walioko Dubai, ulizeni kama bei ya menyu imejumlisha VAT ya asilimia 5 na huduma.

Sharti langu la mwisho ndilo tulilobishania. Picha asiweke status. Nyumbani hawataona pauni 8 za kila mwezi, wataona keki za ghorofa tatu, na kabla chai haijapoa kuna mtu anaomba bodaboda. Dada akasema, kaka, miaka tisa najificha jikoni kwa watu, na siku yangu pia nijifiche? Hapo sikuwa na jibu la kihasibu. Tukakubaliana picha atamtumia mwanawe peke yake.

Jana akarudi na swali jingine: vile viandazi visipoisha, wanafungashia? Nimemwambia aulize bila aibu, ameshavilipia.