Nyuso za Waandamanaji na Kamera Zetu

Kupiga picha za mavazi ni kazi yenye heshima yake, na mimi niliyeisomea sikubaliani kamwe na wale wanaoidharau. Binti husimama mbele ya pazia jeupe, taa mbili kulia na moja kushoto, naye mwenye nguo akihimiza pindo lionekane. Kila aliyemo studioni ajua kwa nini yupo. Mwanamitindo amelipwa, ametia sahihi, na asipoipenda sura yake tutarudia hata mara hamsini.

Siku hizi nimo katika gazeti moja hapa Nairobi nikijifunza picha za habari. Mzee anayesimamia dawati la picha aliniambia siku ya kwanza: "Binti yangu, mambo ya taa unayajua kutushinda. Sasa jifunze kungoja."

Maana yake niliipata Gikomba, soko ambalo ninyi wasomaji mwajua jinsi linavyoungua mara kwa mara. Mama mmoja alikuwa akichambua mitumba iliyosazwa na moto. Hatua mbili kando yake palikuwa na mwanga mzuri ajabu uliopenya kwenye mabati. Kule kwenye mavazi ningemwomba asogee. Katika habari, akisogea kwa amri yangu, picha imekwisha kuwa uongo hata kama hasara ni ya kweli. Nilingoja, naye hakusogea. Picha ilichapwa na giza lake.

Wako waliotutangulia katika njia hii. Lee Miller wa Marekani alikuwa mwanamitindo, kisha mpiga picha wa jarida la mavazi la Vogue. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha aliyafuata majeshi, na mwaka wa 1945 akapiga picha katika kambi za mateso za Buchenwald na Dachau. Hapa kwetu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, hakutoka kwenye mavazi, lakini picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka wa 1984 ziliifanya dunia kufungua mifuko. Nyuso zile hazikutia sahihi popote. Hata hivyo, kuonekana kwao kulileta chakula.

Je, kuonekana kukileta balaa? Hapo ndipo penye shida ya leo. Juni 2024 vijana walimiminika mitaani kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuutia sahihi. Kufikia Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa nyara. Sisemi kwamba picha za magazeti ndizo zilizowaponza. Nasema woga umeingia. Katika maandamano niliyotumwa, kijana mmoja aliniita: "Dada, piga bango, uso wangu uache!"

Wenzangu wengine hushikilia kwamba atembeaye barabarani amekwisha kukubali kuonekana, na kwamba habari zisizo na nyuso hazina ushahidi. Wana haki kwa upande mmoja. Askari aliyeinua rungu aonekane, tena waziwazi, kwa kuwa mshahara wake watoka kwa umma na lazima ajibu. Kijana anayekimbia hajaajiriwa na mtu kukimbia. Kuwapima hawa wawili kwa mizani moja ni uvivu.

Na hapa, ama kwa kweli, mavazi yamenifaa. Tulifundishwa kuifanya nguo iseme bila uso: bega, mkono, kiatu, jinsi kitambaa kinavyoanguka. Mwaka wa 2024 wengi walijifunga bendera ya taifa mabegani, na mgongo uliofunikwa bendera wasimulia mengi. Lakini hata koti laweza kumtambulisha mtu. Ndiyo maana mzee, kila nimpelekeapo picha ya mgongo, huniuliza swali moja tu: "Mamake akiiona, atamjua?"

Nimeomba kanuni hiyo iandikwe kabla ya uchaguzi wa 2027. Mzee amenitolea bahasha ya picha za Juni 2024 ambazo hazikuchapwa, akataka tuzipitie moja moja. Jana tulimaliza sita, na juu ya mbili hatukuafikiana.