Mifano Mitatu Haitoshi: Maoni Kuhusu Kufundisha Ukaguzi wa Programu

Katika ufundishaji wa uandishi wa programu za kompyuta iko desturi moja iliyokwisha kuota mizizi, nayo ni ya mwalimu kutoa zoezi na kuambatanisha mifano miwili mitatu ya data ya kuingiza pamoja na majibu yanayotarajiwa. Mwanafunzi huandika programu yake, huijaribu kwa mifano ile ile, na majibu yakilingana huona kazi imekwisha. Mwalimu naye, mwenye kazi arobaini za kusahihisha na kipindi kimoja cha kuzisahihishia, huweka alama ya vyema. Madhumuni ya makala haya ni kudai kwamba desturi hiyo humfunza mwanafunzi jambo lisilo kweli kuhusu kazi yenyewe, na kwamba nyenzo za kutuwezesha kuiacha zimekwisha kuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hebu tuchukue zoezi ambalo kila mwalimu wa Tanzania atalielewa bila maelezo marefu. Mwanafunzi ametakiwa kuandika programu inayopokea alama na kutoa gredi kwa kipimo cha mtihani wa kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 0 hadi 29. Anaandika masharti manne kama yalivyo, na la mwisho analiachia neno "vinginevyo": chochote kisichoangukia katika A, B, C wala D kitakuwa F. Anajaribu 80, anapata A. Anajaribu 50, anapata C. Anajaribu 20, anapata F. Mifano yote mitatu imekubali.

Sasa mwalimu wa taaluma anaitumia programu hiyo kwa wastani wa majaribio mawili. Mtoto amepata 64 katika jaribio la kwanza na 65 katika la pili. Wastani wake ni 64.5. Alama hiyo haimo katika B, kwa kuwa haijafika 65, wala haimo katika C, kwa kuwa imepita 64. Inateremka hadi kwenye "vinginevyo", na mtoto anapewa F. Mwenye 64 amepata C, mwenye 65 amepata B, na aliye kati yao amehesabiwa kuwa ameshindwa. Kompyuta haikukosea hata kidogo, maana ilitii ilichoambiwa. Wala mwanafunzi hakuwa mvivu, kwani alifanya jaribio lile lile alilofundishwa kulifanya.

Mnamo mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Chalmers huko Göteborg, Sweden, walichapisha maelezo ya maktaba ya programu waliyoiita QuickCheck, iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell. (Maktaba hapa maana yake ni mkusanyo wa programu ndogo zilizokwisha kuandikwa, ambazo mwandishi huziazima badala ya kuanza upya.) Katika QuickCheck mwandishi haandiki mifano. Huandika sifa ambayo lazima iwe kweli kwa data yoyote ile. Mathalani, kwamba orodha ikigeuzwa nyuma mbele, kisha ikageuzwa tena, hurudi kama ilivyokuwa. Kutokana na sifa hiyo maktaba yenyewe huzalisha mifano mia moja kwa kubahatisha, ikianza na midogo na kuendelea hadi mikubwa, na hutafuta ule utakaoivunja sifa. Ikiuona, haikomei hapo. Huupunguza mfano huo kidogo kidogo kadiri inavyowezekana, hata orodha ya namba arobaini ibakie na namba mbili ambazo mwanadamu aweza kuzitazama na kuelewa kosa liko wapi.

Wazo hilo limenakiliwa katika lugha nyingi. Kwa mwalimu, mimi nadhani sura yake yenye mafunzo zaidi ni ile ya clojure.spec, iliyotangazwa mwaka 2016 kwa ajili ya Clojure, lugha ya Rich Hickey iliyotoka mwaka 2007. Sababu ya kuipendelea ni hii. Katika kazi ya kawaida kuna mambo mawili yanayofanywa mbalimbali: kuihakiki data inayoingia, ili alama ya 105 au neno "themanini" likataliwe mlangoni, na kutafuta data ya kuijaribia programu. Katika clojure.spec mambo hayo hutoka katika maelezo mamoja. Mwandishi anasema mara moja tu alama ni kitu gani, na kutokana na kauli hiyo maktaba huweza kujibu kama kitu fulani ni alama halali, kueleza kwa nini kimekataliwa, na kuzalisha alama halali kadiri zitakiwavyo. Kauli ni moja, nayo husomwa kutoka pande mbili.

Turudi kwa mtoto wetu wa 64.5. Mwanafunzi akitakiwa aandike kwanza kwamba alama ni namba yoyote kutoka 0 hadi 100, desimali zikiwamo, na kwamba kati ya alama mbili zozote ile iliyo kubwa isipate gredi hafifu kuliko ile iliyo ndogo, basi maktaba itaijaribu programu yake kwa jozi elfu moja, maana hicho ndicho kiasi cha kawaida cha clojure.spec. Si rahisi majaribio yote hayo yapite bila hata moja kuangukia katika nyufa zilizo kati ya 44 na 45, 64 na 65, au 74 na 75. Hakuna aliyemdokeza mwanafunzi juu ya desimali. Amefikishwa hapo na kauli yake mwenyewe.

Hata hivyo hapa pana jambo ambalo wasifiaji wa nyenzo hizi hupenda kulipita haraka, nami naona ndilo kiini cha somo. Tuseme mwanafunzi mwingine ameandika "zaidi ya 45" mahali pa "45 au zaidi". Mwenye 45 kamili atapewa D badala ya C. Je, sifa ile ya alama mbili itamkamata? La. Kubwa bado haipati gredi hafifu kuliko ndogo. Mpangilio haukuvurugika, ila mpaka umesogezwa. Majaribio elfu, au hata milioni, yatapita yote, na mtoto ataonewa vile vile. Hali kadhalika yule aliyeandika kwamba alama ni namba kamili tu hataletewa 64.5 kamwe, kwa sababu mashine huzalisha yale tu yaliyotajwa. Edsger Dijkstra alikwisha kueleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio yaweza kuonyesha kuwa makosa yapo, lakini hayawezi kuonyesha kuwa hayapo. Maktaba hizi hazikulibatilisha neno hilo. Zimelihamisha swali kutoka katika mifano na kulipeleka katika kauli: je, umesema yote uliyokusudia kusema? Mpaka wa 45 lazima utajwe kwa jina lake, na mwenye kuujua ni mtu aliyesoma kipimo, si mashine.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kwamba nyenzo hii itampunguzia mwanafunzi kazi ya kufikiri, wala na wale wanaoikataa kwa hofu hiyo hiyo. Kazi inaongezeka, tena inaongezeka mahali panapostahili. Zoezi ambalo ningependa kuliona likifanywa kabla ya lolote jingine ni la kuandika kauli, kuiagiza maktaba itoe mifano kumi, kisha kuisoma darasani kwa sauti. Mwanafunzi aliyesema kuwa jina la mtu ni "mfuatano wowote wa herufi na tarakimu" ataletewa kwanza jina lisilo na herufi hata moja, kisha majina ya herufi na tarakimu zilizochanganyika ovyo, ambayo hakuna mzazi angempa mwanawe. Darasa litacheka. Naye atarudi kuiandika kauli upya, safari hii akijiuliza jina ni nini hasa: je, nafasi katikati yaruhusiwa? Alama ya ng' je? Hayo ni maswali ya lugha na ya maisha kabla hayajawa ya kompyuta, na kila mwalimu aliyewahi kujaza fomu za usajili anayajua machungu yake.

Ataona pia kwamba kauli yaweza kuwa sahihi na bado isizae. Akisema "namba yoyote", kisha akaongeza sharti ambalo ni namba chache mno ziwezazo kulitimiza, maktaba hubahatisha mara mia moja, hushindwa, na kukata tamaa waziwazi. Hapo mwanafunzi hulazimika kueleza jinsi kitu kinavyoundwa badala ya jinsi kinavyochujwa.

Ipo hoja kwamba Clojure haifundishwi katika shule zetu, na kwamba mabano yake humtisha mgeni. Hoja ya mabano naikubali nusu. Lakini lugha ya Python, ambayo walimu wengi wanaifahamu, inayo maktaba ya Hypothesis, iliyoanzishwa na David MacIver, nayo huzalisha na kupunguza mifano kwa namna inayofanana. Isipokuwa uhakiki wa data inayoingia itabidi uandikwe kando. Mwenye mashine tano kwa wanafunzi sitini anaweza kuanza bila mashine kabisa. Aligawe darasa katika makundi mawili mawili. Kundi moja liandike ubaoni kauli ya data na sifa ya jibu, na programu kwa Kiswahili cha kawaida. Kundi la pili litafute data inayoitii kauli lakini inayoivunja sifa. Likiipata, lipewe alama kama zile ambazo lingepewa kwa kuandika programu iliyo sahihi, na mfano huo upunguzwe mbele ya wote hadi usiweze kupungua tena. Kundi litakaloandika "alama ni namba kutoka 0 hadi 100" litaulizwa mara moja: namba ya namna gani?