Mpango wa Rwenzori hausemi tutaongea lugha gani

Kundi la wanafunzi wa fakulte yetu linataka kufanya mzunguko wa Rwenzori wakati wa kiangazi, Juni au Julai. Karatasi ya mpango imepita mikononi mwa wengi, hata walimu wameisoma. Mna humo buti za mpira, unga, sukari, betri, dawa za kuhara, pesa za kuvukia mpaka wa Kasindi. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kule juu nani ataongea na nani, kwa lugha gani. Nasi tunajiita watu wa lugha! Mimi pia nimo katika kundi hilo, na nasema wazi: pengo hilo linaweza kumuua mtu.

Kwanza njia yenyewe, kwa wasioijua. Upande wetu wa Kongo kuna njia ya Mutwanga, inayopanda kupitia Kalonge, Mahangu na Kiondo. Si mzunguko: unarudi ulikopandia. Tena hali ya usalama ya Kivu ya Kaskazini hakuna asiyeijua. Kwa hiyo mpango umechagua upande wa Uganda, njia inayoanzia Nyakalengija, karibu na Kasese. Usiku wa kwanza unalala Nyabitaba, karibu mita 2,650. Wa pili John Matte, karibu 3,500. Wa tatu Bujuku, karibu 4,000, baada ya kutwa nzima ya matope. Anayetaka kilele cha Margherita, mita 5,109, analala Elena, juu ya 4,500. Kisha njia inashuka hadi maziwa ya Kitandara, inapanda tena, inashuka Guy Yeoman na kurudi Nyabitaba. Siku saba au nane, mvua ikiwemo hata wakati wa kiangazi.

Wanaofahamu ugonjwa wa mwinuko wanashauri kwamba ukipita mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Linganisheni shauri hilo na namba nilizotaja. Siku ya pili peke yake inaruka zaidi ya mita 800. Ndiyo maana naomba tulale Bujuku mara mbili, hata kama siku hiyo ya ziada itatugharimu sukari na pesa. Lakini si hilo tu lililonifanya niandike.

Tazameni Kitandara kwenye ramani. Ni mahali pazuri, na ni mtego. Ukitoka Bujuku unafika huko kwa kuvuka pito la Scott Elliot, karibu mita 4,370. Ukitaka kutoka huko kwenda Guy Yeoman lazima uvuke pito la Freshfield, karibu 4,280. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Mtu akizidiwa Kitandara, kila njia ya kumtoa inaanza kwa kupanda. Maji ya maziwa yale yanateremka magharibi, yanaingia bonde la Butawu na kuja kwetu Kongo, lakini mgonjwa hawezi kuyafuata. Basi uamuzi wa nani anaendelea na nani anarudi lazima ufanyike Bujuku, kabla ya pito, wakati ugonjwa bado ni mdogo. Na ugonjwa ukiwa mdogo unaujuaje?

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Ubongo ukianza kuvimba kwa kukosa oksijeni, mtu anayumba, anachanganyikiwa, ulimi unakuwa mzito. Katika miaka ya 1990 mwanaisimu Philip Lieberman wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na wenzake, waliwarekodi kwa redio watu waliokuwa wakipanda Everest. Walipima kile tunachokipima sisi kwenye mazoezi ya fonetiki: muda kati ya kuachia konsonanti na kuanza kutetemeka kwa nyuzi za sauti, ule unaotenganisha p na b, t na d. Kadiri watu walivyopanda, tofauti kati ya konsonanti ghuna na sighuna ilipungua, na walichukua muda mrefu zaidi kuelewa sentensi. Rwenzori si Everest, najua. Hata hivyo jambo lenyewe ni lile lile: mwinuko unaweza kusikika mdomoni.

Sasa fikirieni mwongozaji Mkonzo anayetuongoza kwa Kiingereza. Mwenzetu anamjibu kwa Kiingereza cha sekondari, polepole, akitafuta maneno, akiacha viambishi njiani. Mwongozaji atajuaje kama huo ni ubongo unaovimba au ni Kiingereza chetu cha kila siku? Hawezi. Hata daktari hangeweza. Uzito wa ulimi unasikika na yule tu anayejua ulimi huo ukiwa mwepesi.

Wenzangu wawili wamenijibu kwamba kuna kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Tukichukue, sikatai. Ila huko juu namba zinashuka kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, na kidole cha baridi kinatoa namba za uongo.

Ninachopendekeza hakina gharama. Kila mmoja awe na mwenzake wa lugha ya nyumbani. Asubuhi na jioni, kuanzia Nyabitaba, amsimulie habari za siku kwa lugha hiyo, dakika mbili tatu, si «niko sawa» tu. Kisha aseme sentensi moja ambayo tutakuwa tumeirekodi tukiwa bado bondeni, mimi nimetunga hii: «Papa alipata bata.» Mcheke, lakini ina p na b za kutosha. Kisha atembee hatua kumi, kisigino mbele ya vidole, kwa mstari. Mwenzake akisema «shuka», tunashuka, hata kama mgonjwa ndiye aliyelipa zaidi, na hata kama ndiye mwenye diploma kubwa kuliko wote.

Na waliobeba mizigo yetu nao wamo. (Nakwepa neno wapagazi, katika nchi iliyojua upagazi wa lazima wa Leopold II si neno jepesi.) Wao ndio wanaotembea nyuma na kumwona anayeyumba kabla ya wengine. Wengi wao, lugha wanayoongea bila kufikiri ni Kikonzo. Guthrie aliipa Kikonzo namba D41 na Kinande D42, na mpaka wa wakoloni ukapita katikati. Lakini Mnande wa Butembo na Mkonzo wa Kasese wakikaa pamoja wanasikilizana. Kundi letu lina Wanande watatu. Katika karatasi ya mpango wameandikwa kama wapishi! Wangepaswa kuketi na wabeba mizigo siku ya kwanza, kabla ya mzigo kuinuliwa, wakubaliane maneno: wanaitaje kuyumba, wanaitaje kichwa kinachopasuka, nani anaruhusiwa kusimamisha safari. Wanaitaje na mahali penyewe. Scott Elliot na Freshfield ni majina ya Wazungu wawili. Lakini Wakonzo mlima mzima wanauita Rwenzururu, na ndani ya jina hilo mna nzururu, theluji. Sisi wa Kiswahili neno theluji tuliliazima kwa Waarabu.

Kinande tumekisoma sana hapa, toni zake na upatanifu wa irabu zake. Sijawahi kuona kazi ya mwisho wa mwaka kuhusu namna mtu anavyoagiza msaada kwa Kinande akiwa mlimani usiku. Mwalimu anayetafuta mada ya kumpa mwanafunzi, hiyo hapo.

Limebaki jambo moja lisilo na jibu. Mwenzetu mmoja lugha yake ya nyumbani ni Kitetela, na hakuna mwingine kundini anayeijua. Kiswahili anakiongea polepole hata akiwa mzima, chini kabisa, kwenye baraza la fakulte. Kama kuna msomaji anayeongea Kitetela na ana miguu ya kupanda, aje atuone kabla ya mwezi wa tano.