Panga Kwanza Atakachosema Mtoto

Kila mwaka, baada ya mtihani wa darasa la saba, parokia zetu nyingi hufungua madarasa ya kuwaandaa watoto kwa kidato cha kwanza. Mara nyingi sisi mafrateri, tukiwa likizo au katika mwaka wa uchungaji, ndio tunaoitwa kufundisha Kiingereza. Haja ni kubwa. Mtoto aliyesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili shule nzima ya msingi, Januari anaikuta fizikia kwa Kiingereza. Asipoelewa hunyamaza, na akinyamaza huhesabiwa mjinga wakati si mjinga.

Nami niliitwa. Niliandika andalio la somo safi: mada, malengo, zana, hatua, tathmini. Kipindi dakika 40, wanafunzi 50. Nikaeleza wakati uliopo, nikajaza ubao, wakanakili. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Kesho yake nikamwomba binti mmoja aseme kwa Kiingereza anachofanya kila asubuhi. Akasimama, akatazama chini, machozi yakamlengalenga. Kosa lilikuwa langu. Andalio langu lilipanga yote nitakayosema mimi. Halikuwa na mstari hata mmoja wa atakachosema yeye.

Tupige hesabu. Mwalimu akizungumza dakika 30, zinabaki 10. Watoto 50 wakisimama mmoja mmoja, kila mmoja anapata sekunde 12. Wakikaa wawili wawili, dakika zilezile 10 zinampa kila mmoja dakika 5. Hapo hatujanunua kitabu wala kuongeza mwalimu. Tumebadili mpango tu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: andalio lianze na swali moja. Kipindi kikiisha, mtoto ataweza kusema nini ambacho alipoingia hakuweza? Kwa mfano: "Ataweza kumweleza mwenzake mambo matano anayofanya asubuhi." Ukishaandika hivyo, utajua ni maneno gani yanahitajika, na ni sarufi kiasi gani inatosha kwa leo.

Pili, andalio litaje mapema mahali watakapojikwaa. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke. Kiingereza kina "he" na "she". Sisi tunasoma kama ilivyoandikwa. Wao wanaandika "know" na "k" haisikiki. Mwalimu anayekijua Kiswahili anayaona mashimo hayo kabla mtoto hajatumbukia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili, au kumvika kibao shingoni. Kibao hakifundishi neno lolote, kinafundisha woga. Sentensi moja ya Kiswahili mahali pake huokoa dakika kumi za kuhangaika.

Wapo watakaosema kwamba tukienda hivyo mada hazitaisha. Ni kweli, baadhi zitabaki. Lakini mada iliyoisha ubaoni bila kufika mdomoni kwa mtoto imeisha kwa mwalimu peke yake.

Seminarini tunaambiwa kila siku kwamba mahubiri huandaliwa kwa ajili ya waamini walio mbele yetu, si kwa ajili ya karatasi. Ndugu zangu mafrateri, na makatekista mnaotusaidia, somo la Kiingereza nalo ni hivyohivyo. Likizo ijayo, kabla ya kuandika mada, tuandike kwanza sentensi moja ambayo mtoto ataondoka nayo nyumbani akiwa ameisema mwenyewe.