Mwaliko wa harusi si idhini ya kupiga picha

HARUSI ni katika furaha ambazo dini yetu imehimiza zitangazwe. Hatuingii leo katika khitilafu ya wanazuoni juu ya picha yenyewe. Tunazungumza na familia ambazo zimekwisha kumwajiri mpiga picha, na wageni wanaokwenda huko na kamera zao.

Zama za filamu, mpiga picha alikuwa na mkanda wa picha 36. Alipima kila picha, na wageni walimpisha. Leo karibu kila mgeni ana kamera mfukoni. Walii anapomshika mkono bwana harusi kutamka ijabu, mikono kumi yenye simu huinuka mbele ya mtu aliyelipwa kuhifadhi tukio hilo. Ijabu haikaririwi kwa ajili ya picha. Ikishapita, imepita.

Katika picha ya ukoo mambo ni hayohayo. Jamaa ishirini wamepangwa vizuri, lakini nyuma ya mpiga picha wamejipanga wageni na simu zao, na kila jamaa anamtazama mwanawe. Picha inatoka hakuna wawili wanaotazama upande mmoja. Flashi ya mgeni nayo ikimulika wakati uleule, uso wa bibi harusi unafifia kwa weupe. Baada ya wiki mbili familia inalalamika kuwa kazi ni mbovu, na wengine wanazuia salio la malipo. Huku ni kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kwa kosa la wageni tuliowaalika wenyewe.

Kubwa zaidi ya hilo ni amana. Katika mikusanyiko ya wanawake, akina mama na mabinti huvua mabuibui yao wakijua kuwa waliomo ndani ni wanawake watupu. Familia zenye hadhari humtafuta mpiga picha mwanamke, zikapatana naye kuwa picha zote zikabidhiwe kwao. Mapatano hayo yanamfunga yeye peke yake. Mgeni aliyeketi mkekani na simu yake hafungwi na lolote. Anapiga, anatuma kwa shoga yake, naye anamtumia mwingine, na kabla bibi harusi hajafika kwa mumewe sura yake imekwisha kuonekana na wanaume asiowajua. Wala si yake tu, bali na ya kila mama aliyekuwa nyuma yake.

Aya ya 27 ya Suratun Nuur imetukataza kuingia nyumba za wengine bila ya kuomba idhini. Wanazuoni wametubainishia kuwa idhini hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi itakuwaje kwa chombo kinacholichukua jicho la mtu aliye mbali na kulitia ndani ya ukumbi wa wanawake? Mwaliko ni idhini ya kuhudhuria, kula na kuombea dua. Si idhini ya kuwapiga picha watu na kuzisambaza. Hata sheria za nchi zinaitambua faragha. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 zimeitaja kuwa ni haki ya kila mtu.

Wapo watakaosema kuwa wana jamaa Maskati au London wanaosubiri kuiona harusi. Haja hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni nyepesi: mpiga picha aombwe mapema kutoa picha chache usiku uleule, na familia ndiyo izitume. Aidha, wapiga picha nao wajiangalie. Wapo wanaomsimamia sheikh mbele ya uso, na wapo wanaobandika picha za mabibi harusi madukani mwao kujitangazia biashara bila ya kuuliza. Anayetaka apishwe, naye aitunze amana.

Mpiga picha hana uwezo wa kumwambia mjomba wa bwana harusi ashushe simu. Yeye ni mtu wa kuajiriwa, na mjomba ni mwenye shughuli. Mwenye uwezo huo ni mwenye harusi. Kwa hiyo tunazinasihi familia mambo matatu. Kwanza, mapatano na mpiga picha yaandikwe: atapiga nini, picha zitabaki kwa nani, na lini atalipwa. Pili, tangazo litolewe kabla ya kuanza, na mtu mzima anayeheshimika, kuwa simu zisiinuliwe wakati wa akdi, na kwamba ukumbini kwa wanawake zikusanywe mlangoni na kurudishwa wakati wa kuondoka. Tatu, baada ya picha ya ukoo wageni wapewe dakika chache wapige za kwao, kwa ridhaa ya waliosimama mbele yao.

Maimamu wanaofungisha ndoa nao wanaweza kusaidia kwa neno moja kabla ya khutba ya nikahi. Mgeni mwenye adabu hatakasirika. Atakayekasirika, ghadhabu yake ni nyepesi kuliko machozi ya binti aliyesambazwa picha asiyoitaka siku ya harusi yake.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zetu na azisitiri aibu zetu. Wabillahi Tawfiq.