Paka Akikojoa Nje ya Beseni, Hakukomoi

Swali la safari hii halihusu mtoto wala presha. Dada mmoja anayeishi kwenye fleti huko Berea, hapa Johannesburg, ameandika kwamba paka wao dume wa miaka mitatu alikuwa akitumia beseni lake la mchanga vizuri tangu utoto. Wiki mbili sasa anakojoa juu ya mswala, kwenye kapu la nguo chafu, na mara nyingine ndani ya bafu. Shemeji amechoshwa na harufu, anataka paka atolewe nje. Watoto wanalia. Dada anauliza: "Nesi, huyu paka anatukomoa au ana nini?"

Dada, hakukomoi. Wodini mgonjwa akilowesha kitanda hatumgombezi, tunatafuta sababu. Paka naye akiacha beseni lake, ama anaumwa, ama ana hofu, ama beseni lenyewe halimfai. Tuanze na ugonjwa, maana hapo ndipo penye hatari.

Mvizie akienda kukojoa. Ukiona anaingia na kutoka kwenye beseni mara kwa mara, anachuchumaa na kujikamua, analia, anajilamba sana sehemu za siri, halafu mchanga unabaki mkavu au na tone moja tu, usingoje asubuhi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na huweza kuzibwa na ute au chembechembe ngumu kama mchanga. Mkojo ukikosa njia, figo zinashindwa kazi, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Ndani ya siku mbili au tatu paka anaweza kufa. Wengi hudhani ni haja kubwa imekwama, wanampa mafuta, na saa zinapita. Mpeleke kwa daktari wa wanyama usiku huo huo. Ikiwa kipato ni kidogo, ipigie simu SPCA ya Johannesburg uulize masharti yao, na namba uiweke kwenye simu leo, kabla haijahitajika. Pretoria kuna hospitali ya wanyama ya Onderstepoort, ya Chuo Kikuu cha Pretoria.

Ikiwa mkojo unatoka, lakini kidogo kidogo au una damu, bado anahitaji daktari, ingawa hapo kuna nafasi ya kupumua. Kibofu chenye uvimbe kinauma, na paka akiumia kila anapotumia beseni, hulihesabu beseni kuwa ndilo linalomuumiza. Atatafuta mahali pengine: kitu laini kama mswala na nguo, au kitu cha baridi kama bafu. Ndiyo maana maelezo yako, dada, yamenifanya nifikirie kibofu kabla ya tabia. Paka mzee naye anaweza kuwa na kisukari, figo dhaifu, au yabisi inayomzuia kuruka ukingo wa beseni.

Sasa naomba mnisikilize kama nesi. Usimpe paka Panado wala dawa yoyote yenye paracetamol. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja kama wetu, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Usimpe pia antibayotiki zilizobaki kabatini. Kwa paka kijana, kibofu mara nyingi huvimba bila bakteria yoyote, kwa sababu ya msongo wa mawazo, hivyo dawa hiyo haitamsaidia kitu.

Msongo gani, na paka analala siku nzima? Fikiria maisha yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, anayefukia kinyesi chake na kulinda eneo lake. Kwetu Lamu au Unguja paka hatafutiwi choo, ufuo na uani ni kwake. Kwenye fleti hapa Johannesburg choo tumemchagulia sisi, kimoja, nacho pengine kimebanwa pembeni ya mashine ya kufulia. Ongeza fataki za Diwali na Mwaka Mpya, kuhama nyumba, mtoto mchanga, mgeni wa miezi mitatu, au paka wa jirani anayepita dirishani. Sisi msongo hutuumiza tumbo, yeye kibofu kinamvimba.

Kwa hiyo rekebisha beseni. Weka moja kwa kila paka na moja la ziada: paka mmoja, mabeseni mawili, sehemu tofauti, mbali na chakula chake. Liwe kubwa, mara moja na nusu ya urefu wa paka bila mkia. Mchanga usio na manukato, kina cha sentimita 4 au 5. Chota uchafu kila siku, bora mara mbili. Ukitaka kubadilisha aina ya mchanga, weka mpya kwenye beseni la pili, umwachie achague.

Mwongezee maji. Chakula kikavu cha paka kina maji takriban asilimia 10, cha kopo ni asilimia 75 na zaidi. Majira ya baridi hapa ni makavu na paka hunywa kidogo, mkojo unakuwa mzito na chembechembe hujitengeneza kwa urahisi. Mchanganyie chakula cha kopo, au chakula kikavu kilicholowekwa. Mchuzi wenye kitunguu hapana, ni sumu kwake. Na kwa kuwa mabomba ya jiji hili hukauka bila taarifa, mnapojaza ndoo zenu, yeye pia awekewe akiba yake.

Ikiwa anasimama, mkia unatetemeka, na anarusha mkojo kidogo ukutani, hilo ni jambo jingine: anaweka alama ya eneo. Dume ambaye hajahasiwa hufanya hivyo sana, na akihasiwa wengi huacha.

Usafi nao una mitego. Usimwage Jik juu ya mkojo: zikikutana hutoa hewa yenye sumu, mbaya zaidi kwenye chumba kidogo na kwa mtoto mwenye pumu. Jeyes Fluid ni sumu kwa paka, anapoikanyaga na kujilamba. Kausha kwanza, osha kwa maji na sabuni, kisha tumia dawa ya vimeng'enya inayouzwa maduka ya wanyama, maana harufu ikibaki humrudisha pale pale. Kwa Waislamu, paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo wake ni najisi, kwa hiyo mswala utoharishwe, na baada ya sala ukunjwe na kuwekwa juu.

Mwenye ujauzito au kinga dhaifu amwachie mwingine kazi ya beseni. Kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vimelea hivyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo faida ya kuchota kila siku. Hakuna mwingine nyumbani? Vaa glavu, nawa mikono. Na kumbuka vimelea hivyo hupatikana pia kwenye nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, kwa hiyo kumfukuza paka peke yake hakukingi mimba.

Shemeji, hasira zako nazielewa, harufu ile haivumiliki. Lakini paka aliyelelewa ndani ukimtoa kwenye mitaa ya Berea, kati ya magari na mbwa, huku kibofu kinamuuma, hatadumu. Mpeleke kwa daktari wiki hii, ongezeni beseni la pili, kisha mpeni mwezi mmoja. Na akijikamua bila kutoa kitu, iwe saa nane za usiku, ondokeni naye hapo hapo.

Endeleeni kuleta maswali yenu. Tukutane safari ijayo, Mungu akipenda.