HOSPITALI YA WANYAMA SI JAMBO LA KUCHEKA



Ukitaja hospitali ya wanyama hapa Kavimvira, wengi wanacheka. Wanauliza: je, mbuzi atalala kitandani? Kuku atapewa namba ya kungoja muganga? Sisi tunasema: chekeni, lakini mukimaliza kucheka tufanye hesabu pamoja.

Minervali yetu inatoka wapi? Tangu mwaka 2019 masomo ya bure yalianza katika shule za musingi za serkali, lakini sisi wa sekondari tungali tunalipa. Wengi kati yetu hatuna muzazi mwenye mushahara wa kila mwezi. Mama anauza ndagala au unga wa muhogo, na feza zikipunguka anatazama nyuma ya nyumba. Kuku ni wa kaye na kalamu. Mbuzi ni wa minervali. Ngombe, kwa wale walio naye, ni wa mahari na wa siku ya ugonjwa mukubwa. Hiyo ndiyo banki yetu, haina ukuta wala mulinzi. Munyama akikufa usiku, kesho yake kuna mwanafunzi anayerudishwa nyumbani. Kwa hiyo jambo hili ni letu, si la wafugaji peke yao.

Tena tuangalie mahali tunapokaa. Kavimvira iko mulangoni. Huku bonde la Ruzizi na ngombe wake, huku mupaka wa Burundi, huku ziwa, na katikati barabara ya kwenda Bukavu. Wanyama wanaouzwa wanapita na magonjwa yao. Ugonjwa hauonyeshi karatasi mupakani.

Watu wanafikiri kwamba hospitali ya namna hii ni ya miji mikubwa ya Ulaya tu. Si kweli. Huko Lamu, muji mudogo wa kisiwani kwenye pwani ya Kenya, punda ndio walikuwa motokari. Wanabeba mawe, muchanga na maji katika njia nyembamba. Mwaka 1987 shirika moja la Uingereza linaloshugulika na punda lilifungua pale kliniki yao. Vidonda vya mizigo vilitibiwa, minyoo ilitolewa, na mwenye punda hakulipa kitu. Watu wa Lamu hawakuwa matajiri. Walijua tu kwamba punda akilala, chakula cha nyumbani kinalala naye.

Basi hospitali ya muji mudogo inahitaji nini? Kwa maoni yetu haianzi na jumba kubwa lenye rangi mupya. Inaanza na vitu vinne.

Cha kwanza ni frigo yenye umeme wa hakika, hata ukiwa wa jua. Chanjo nyingi zinataka ubaridi wa digri 2 mpaka 8. Chanjo iliyoshinda kwenye jua ni maji tu, hata kama chupa ingali na jina lake zuri. Mufugaji anayelipa maji hayo, na kuku wakikufa, anasema chanjo ni udanganyifu. Mwaka unaofuata hakuji tena.

Cha pili ni mahali pa kumushika munyama: meza kwa wadogo, na kwa ngombe njia nyembamba ya miti wanapopita moja moja. Bila hiyo muganga anapigwa teke na sindano inakwenda pembeni.

Cha tatu ni mikroskopi na mutu anayejua kuitumia. Hapa ndipo feza zetu nyingi zinapotea. Ngombe akipata homa, na tezi chini ya sikio zikivimba, inaweza kuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe na unaojulikana sana katika bonde letu. Dawa yake iko, lakini inataka kutolewa mapema. Sasa wengi wanafanya nini? Wanakwenda sokoni, wananunua tetrasikilini, wanapiga sindano moja, wanangoja. Ngombe aliyekwisha kuugua ndigana kali hatapona kwa hiyo. Siku tatu zinapita, anaanza kupumua kwa taabu, halafu wanaita muchinjaji. Mikroskopi ingesema kweli siku ya kwanza.

Cha nne ni kaye. Ndiyo, kaye ya kawaida! Kila munyama aliyeletwa aandikwe: ametoka wapi, aliugua nini, alipewa nini. Mbuzi watano wa kartie moja wakiletwa juma moja na machozi, makamasi na kuhara, kaye itasema kwamba hii si bahati mbaya ya mutu moja. Pengine ni sotoka ya mbuzi, ile iliyoua maelfu ya mbuzi katika inchi yetu mwaka 2012. Hapo shefu wa kartie anaambiwa, soko la mbuzi linasimamishwa, na wazima wanapigwa chanjo. Bila kaye kila mutu analia peke yake nyumbani kwake.

Na huduma isikae ndani ya nyumba ikingoja. Mama mwenye kuku sita hatawabeba mpaka hospitalini. Muganga achukue pikipiki na sanduku la barafu, apite kila kartie kwa siku inayojulikana. Ugonjwa wa kuku unaoitwa kideri unaweza kumaliza kuku wote wa nyumba katika siku chache, na hauna dawa. Lakini chanjo yake iko. Kuna hata ile inayovumilia joto kidogo, iliyotumiwa sana katika vijiji vya Tanzania: tone moja katika jicho la kuku, na kurudia kila miezi mitatu au mine. Tone moja! Ni nani atasema hili ni jambo la matajiri?

Sasa tunasikia wengine wanajibu: «Watu wenyewe wanakosa dawa, na nyinyi munataka dawa za wanyama?» Neno hili lina uzito, hatulikatai. Lakini tuangalie ugonjwa wa imbwa wenye kichaa. Mutu akianza kuonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona. Duniani unaua watu karibu 59.000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na imbwa, na watoto ni wengi kati yao. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba ukipiga chanjo imbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia. Sindano ya imbwa ni ya bei ndogo kuliko sindano nyingi za mutoto aliyeumwa. Je, hiyo ni dawa ya imbwa au ni dawa ya mutoto? (Na wewe unayesoma, shika hili: ukiumwa na imbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu kimbia hospitalini siku ile ile. Usingoje kuona kama imbwa atakufa.)

Ni vile vile kwa maziwa na nyama. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa ngombe unampata mutu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa. Na munyama aliyepigwa sindano ana siku zake za kungoja kabla ya kuchinjwa au kukamuliwa. Muuzaji wa dawa sokoni hakuambii siku hizo. Muganga anazijua, naye ndiye anapaswa kutazama nyama kabla haijafika kwenye sahani yetu.

Wengine wanasema: «Magonjwa ya wanyama hayaishi, ni kupoteza nguvu.» Kumbe moja liliisha! Sotoka ya ngombe, iliyomaliza karibu ngombe wote wa Afrika ya mashariki na kusini katika miaka ya 1890, haiko tena duniani. Chanjo yake nzuri ilitengenezwa Kenya, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba imekwisha. Haikumalizwa na majumba makubwa. Ilimalizwa na watu waliotembea kwa miguu na chanjo, kijiji kwa kijiji.

Basi tunaomba nini? Kwa serkali: wafanyakazi wa mifugo wapewe frigo na pikipiki kabla ya kupewa bango la mulangoni. Kwa makanisa yetu, yaliyojenga hospitali za watu tangu zamani: muone kama pembeni ya zahanati moja hakuna chumba kimoja cha kuanzia. Kwa wazazi: tulipe kidogo kwa chanjo mbuzi angali muzima, kuliko kulipa sana akiisha kuanguka. Na kwa ndugu wanafunzi: tuandike hesabu ya kuku, mbuzi na imbwa wa kartie zetu. Siku muganga atakapofika, atakuta kazi imeanza. Na yule anayependa biolojia ajue kwamba katika Universite ya Lubumbashi kuna fakulte ya udaktari wa wanyama. Asione haya kuichagua.

Ukimuona mwenzako anarudishwa nyumbani kwa minervali, usimuulize tu baba yake anafanya kazi gani. Muulize pia mbuzi wao alikufa lini, na kama kuna mutu aliyekuja kumutazama.